Maji ya Jirani Yanapopita Kwako

Kihamba cha baba yangu, yaani shamba letu la nyumbani, kiko Marangu, chini kidogo ya barabara iendayo lango la hifadhi, na katikati yake umepita mfereji. Nilipokuwa mtoto nilipewa kazi ya kuulinda. Siku ya zamu yetu tulizibua kizuizi cha magome ya migomba na udongo, maji yakaingia kwenye kahawa. Zamu ikiisha tulikiziba, na maji yakaendelea na safari yake kwa jirani wa chini. Yalipita mlangoni kwetu usiku na mchana, tunayasikia yakinong'ona, na huenda kahawa yetu ilikuwa imesinyaa kwa kiu. Hata hivyo hayakuwa yetu. Aliyeyageuza usiku kwa siri aliitwa mbele ya wazee wa mfereji, akatozwa pombe au mbuzi. Na asiyetokea siku ya kusafisha mfereji alinyimwa maji, hata kama alikuja kesho yake na jembe begani akitoa jasho. Siku ilikuwa siku.

Wanangu, nimetunza vitabu vya hesabu hapa Moshi mjini kwa miaka 31, kwanza kwenye kahawa, halafu kwenye kampuni za kupandisha watu Mlima Kilimanjaro. Ninachotaka kuwaambia ni jambo moja: kodi ya zuio mnayowakata watu wa nje ni maji ya mfereji. Yanapita kwenu. Yana mwenyewe, na yana siku yake ya kumfikia.

Nasema nanyi hasa mlio na ofisi za chumba kimoja karibu na Mnara wa Saa, wenye kompyuta moja, mahema yamerundikwa kona, na simu isiyolala kwa sababu mteja wa Chicago bado yuko kazini wakati ninyi mnataka kulala. Mmefanya makubwa. Zamani biashara ya mlima ilikuwa ya wachache. Leo kijana aliyeanza kama mpagazi wa Rongai anaweza kuwa na leseni yake, wapishi wake na waongozaji wake. Ninawaonea fahari, na kwa sababu hiyo hiyo nina hofu.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inasema hivi, nikiitoa kwenye lugha ya mawakili. Wewe mkaazi wa Tanzania ukimlipa asiye mkaazi ada ya huduma, mkate asilimia 15 kabla pesa haijatoka mkononi mwako. Mkaazi mwenzako anayekupa huduma hukatwa 5 tu, ndiyo maana wengi huzoea ile 5 na kusahau kwamba kuna nyingine. Ukilipa riba ya mkopo uliokopa nje, 10. Gawio la mbia wako wa kigeni, 10. Mrabaha, yaani malipo ya kutumia haki ya mtu kama vile programu au jina la biashara, 15. Kisha ulichokata ukifikishe TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Ukilipa Julai, siku yako ya mwisho ni tarehe 7 Agosti.

Najua mnavyowaza, maana na mimi niliwaza hivyo. Mnadhani mambo ya kuwalipa watu wa nje ni ya migodi ya Geita na kampuni za gesi za Mtwara. Hebu fungua taarifa yako ya benki ya msimu uliopita uisome polepole. Yule wakala wa Hamburg aliyekuletea makundi manne naye akadai kamisheni, ni mpokeaji wa nje. Yule fundi wa tovuti aliyeko Bangalore, mpokeaji wa nje. Mpiga picha aliyetoka Nairobi akakaa siku 8 njia ya Lemosho kukutengenezea matangazo, akarudi kwao, mpokeaji wa nje. Daktari aliyekuja wiki mbili kuwafundisha waongozaji wako namna ya kumtambua mgonjwa wa mwinuko kabla hajazidiwa, naye yumo. Mzungu aliyekukopesha dola za kununulia gari, unayemlipa riba kila robo mwaka, yumo pia. Mwisho wa orodha utagundua kwamba wewe wa chumba kimoja una wapokeaji wa nje wengi kuliko muuza kahawa wa enzi zangu.

Na hapa kuna shimo ambalo limewameza watu wenye akili kuliko mimi. Mtu husema, kazi hii imefanyikia Ujerumani, mfanyaji hajawahi kukanyaga uwanja wetu wa ndege wa KIA, basi Tanzania inamkata kwa lipi? Hoja hiyo imefika hadi Mahakama ya Rufani. Mwaka 2018, katika shauri la Tullow Tanzania BV dhidi ya Kamishna Mkuu wa TRA, mahakama ilikubaliana na TRA: huduma iliyoandaliwa nje, ikatumiwa hapa na kulipiwa na mkaazi wa hapa, malipo yake yanakatwa kodi ya zuio. Kampuni ile ilikuwa ya utafutaji mafuta, ina mawakili wa kutosha, na bado ilishindwa. Usijenge biashara yako juu ya hoja ambayo imekwisha kuanguka.

Sasa niwasimulie langu. Kampuni niliyokuwa naitunzia vitabu sitaitaja, wala wakala sitamtaja. Ulikuwa msimu wa Juni hadi Oktoba, msimu mnono kuliko yote niliyowahi kuona. Wakala mmoja wa Ulaya alituletea makundi mfululizo, Machame wiki hii, Lemosho wiki ijayo. Kamisheni yake ilifika shilingi milioni 60. Niliilipa mimi, kwa hawala tano za benki, na sikukata hata senti. Nilijua sheria ipo. Nilijiambia kwamba kazi ameifanyia kwao. Tena nilikuwa na wapagazi wanashuka Mweka kila siku wakisubiri ujira wao, na foleni yao ilikuwa inaanzia mlangoni kwangu. Nikasema nitauliza msimu ukiisha. Msimu uliisha, mvua za vuli zikaanza, na sikuuliza.

Miaka mitatu baadaye wakaja wakaguzi, kijana mmoja na binti mmoja, watu wa adabu. Binti aliomba taarifa ya benki ya mwaka ule. Akaweka kidole kwenye safu ya malipo yaliyotoka, akashuka nacho mstari kwa mstari bila haraka, akafika kwenye jina la wakala. Akapiga kistari chembamba kwa penseli. Akaendelea kushuka. Kistari kingine. Vilipofika vitano akainua macho akaniuliza, "Shikamoo tena mzee, hati za zuio za malipo haya ziko wapi?" Alikuwa na umri wa kuwa binti yangu wa mwisho. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mhasibu, kalamu mfukoni, na sikuwa na la kumjibu.

Hesabu yake naikumbuka kama namba ya simu ya nyumbani. Katika milioni 60 ningekata milioni 9, wakala akapata 51, mambo yakaisha. Lakini kwa kuwa alipokea zote 60, zilihesabiwa kuwa ndizo zilizobaki baada ya kodi. Gawanya 60 kwa 0.85, unapata milioni 70 na karibu laki 6, na kodi yake inakuwa milioni 10 na karibu laki 6. Sheria haimwachi aliyeshindwa kukata: kodi ambayo ulipaswa kuizuia unadaiwa wewe, uwe umeikata au hukuikata. Juu ya hiyo ikaja riba, na riba ya kodi inakokotolewa kila mwezi juu ya riba ya mwezi uliotangulia, miaka mitatu mizima. Juu ya riba zikaja adhabu za taarifa ambazo hatukuwasilisha.

Sheria inakuruhusu kumdai mpokeaji kile ulicholipa kwa niaba yake. Tulimwandikia. Alijibu kwa upole kwamba mkataba wetu hausemi lolote kuhusu kodi, na pesa ile aliifanyia kazi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana mkataba tuliuandika sisi. Kampuni iliuza Land Cruiser moja, na madereva wawili wakaambiwa wasubiri kuitwa. Mmoja alikuwa ameoa mwezi uliopita. Hawakuitwa tena. Mimi nilibaki kazini, na jambo hilo limenielemea kuliko zile milioni.

Kwa hiyo kijana anaponiambia, "Mzee, nikimkata wakala wa Hamburg asilimia 15 atahamia kwa mwenzangu," ninamwelewa, na bado ninamkatalia. Mwambie wakala mapema. Mwambie kabla hamjatia saini, kabla kundi la kwanza halijatua. Andika kwenye mkataba, kwa sentensi moja iliyonyooka, kwamba malipo yote yatakatwa kodi ya zuio ya Tanzania na kwamba atapewa hati ya kodi hiyo. Kama hataki kukatwa, basi mjadili bei mkijua kwamba ile 15 unaibeba wewe, na uiweke kwenye bei ya safari. Kuibeba kwa makubaliano ni biashara. Kuibeba kwa kushtukizwa baada ya miaka mitatu ni msiba.

Wapo pia wanaosema wakala mwenyewe hukata kamisheni yake huko huko, anatuma kilichobaki, kwa hiyo "sisi hatujalipa kitu." Kijana wangu, mkaguzi ataomba ankara aliyopewa mteja. Ataona mteja alilipa dola 2,400 na wewe ukapokea 2,000, na atataka kujua zile 400 zilikwenda wapi na kwa makubaliano gani. Andika mauzo yako yote na kamisheni yako yote, kila moja kwenye mstari wake, kisha ukae na mshauri wa kodi mwenye leseni muangalie mkataba wenu unasemaje. Ada yake ya siku moja ni ndogo kuliko deni la miaka mitatu.

Mikataba ya kuzuia kodi kulipwa mara mbili ni sura ya peke yake. Tanzania inayo na nchi chache: India, Zambia, Afrika Kusini, Italia, Kanada, Sweden, Norway, Denmark, Finland. Fundi wako wa Bangalore huenda akakuuliza juu yake, na ana haki ya kuuliza. Mwambie alete uthibitisho wa mamlaka ya kodi ya kwao kwamba ni mkaazi wa kule, kisha uende nao TRA kabla ya kulipa. Lakini wateja wa mlima wetu wengi hutoka Marekani, Uingereza na Ujerumani, na katika miaka yote niliyofanya kazi sikuwahi kuziona nchi hizo tatu kwenye orodha hiyo. Mtu akikupigia simu toka London akakwambia "tuna mkataba, usinikate," muombe akuonyeshe.

Nirudi kwenye siku, maana ndiko wengi wanakoanguka hata baada ya kukata. Kukata ni rahisi. Ugumu ni kuziacha pesa zilizokatwa zikae bila kuguswa. Umemkata wakala milioni 2 tarehe 10 Julai. Hazina pa kwenda hadi Agosti. Tarehe 22 gari linaharibika Londorosi, gesi inaisha, kuna kundi la watu 12 wanapanda kesho. Zile milioni 2 ziko kwenye akaunti zinakutazama. Unazichukua, unajiambia utazirudisha kundi la Agosti likilipa. Hapo umegeuza mfereji usiku. Fungua akaunti ya pembeni, hata ya simu kama huna nyingine, na siku ile ile unayomlipa mgeni, hamishia humo kodi yake. Usisubiri jioni.

Na tazameni kalenda yenu, wanangu. Malipo ya Juni mwisho wake ni tarehe 7 Julai, nayo ni Sabasaba. Malipo ya Machi mwisho wake ni tarehe 7 Aprili, nayo ni Siku ya Karume. Siku mbili kati ya 12 za mwaka zinaangukia sikukuu, benki zimefungwa, na Sabasaba inakuja msimu ukiwa umechemka. Sijapata kuona ubishi na kalenda ukimsaidia mtu. Niliwafundisha vijana wangu wa mwisho kazini kwamba kwetu tarehe ya mwisho ni 4. Tarehe 4 namba ya malipo imetolewa, benki imelipa, risiti imechapishwa na kutobolewa matundu. Tarehe 7 mtandao hukwama kwa sababu nchi nzima imekumbuka kwa pamoja: kodi ya mishahara ina tarehe hiyo hiyo, na tozo ya ufundi stadi vilevile.

Kulipa peke yake hakutoshi. Kuna taarifa. Enzi zangu taarifa ya kodi ya zuio ilikuwa ya kila miezi 6, nayo ilitakiwa ndani ya siku 30 baada ya kipindi kwisha, ikionyesha nani alilipwa, kiasi gani na amekatwa kiasi gani. Utaratibu huu hubadilishwa. Kila mwaka Bunge hupitisha Sheria ya Fedha mwezi Juni, na Julai mosi mambo mapya huanza. Kwa hiyo kila Julai, kabla ya kupiga hesabu ya mahema, nenda ofisi ya TRA hapa Moshi uulize uso kwa uso: mwaka huu viwango ni vipi, taarifa ni lini, fomu ni ipi. Mimi nilikuwa naogopa kwenda kuuliza, nikidhani nitaonekana nina la kuficha. Hofu hiyo ndiyo ilinigharimu.

Msidhani ni Tanzania tu inayowabana watu. Vuka Holili uingie Taveta: Kenya, tangu katikati ya mwaka 2023, humtaka aliyekata kodi ya zuio aifikishe ndani ya siku 5 za kazi. Marekani nako, mjukuu wangu anayesoma huko kwa ufadhili hupata kila mwaka karatasi iitwayo fomu 1042-S, na chuo chake kinatakiwa kuitoa na kuiripoti serikalini kufikia tarehe 15 Machi. Kwenye karatasi ile yeye ndiye mgeni, yeye ndiye mpokeaji wa nje. Mwaka mmoja aliiona imechelewa akanipigia simu ana wasiwasi, hajui ajaze nini kwenye hesabu zake. Nilipomsikiliza ndipo nilipoielewa vizuri ile hati ya zuio ambayo nilizembea kumpa wakala wa Ulaya. Hati ile ni ushahidi wake huko kwao kwamba huku amekwisha kutozwa. Usipompa, umemkata mkono mmoja na kumfunga mwingine.

Kwa hiyo tunzeni karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zikae miaka 5. Mimi nasema zikae 7, kwa kuwa kabati halidai mshahara. Mkataba, ankara ya wakala, uthibitisho wa hawala, kiwango cha kubadilishia dola siku ile, hesabu ya asilimia 15, risiti ya TRA, nakala ya hati uliyompa mpokeaji: karatasi saba kwa kila malipo, kwenye bahasha moja, juu yake jina na tarehe. KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa, ilipoanzishwa mwaka 1933 baba zetu wengi hawakujua kusoma, ila walijua kutunza risiti ya mizani. Mama yangu alikuwa nazo kwenye kopo la chai, zimekunjwa nne nne, na siku moja zilimwokoa kwenye ubishi wa magunia mawili.

Kuna neno jingine nalisikia vijiweni, na linaniumiza: kwamba mwenzako hakati, halipi, na anaendelea vizuri. Yule naye niliwahi kuwa, kwa miaka mitatu. Nilikuwa naendelea vizuri kila siku hadi siku ya penseli. Leseni yako ya biashara inahitaji uthibitisho wa TRA kwamba huna deni. Ukikosa karatasi hiyo Januari, makundi ya Februari utayapandisha kwa leseni ya nani? Na wapagazi waliokwisha kukupangia msimu wao, waliokataa kazi ya mwingine kwa kukuamini wewe, utawaambia nini pale getini Machame asubuhi na mizigo imekwisha kupimwa?

Mlima hautatukimbia. Wageni wataendelea kuja kuzitafuta mita 5,895 za kilele cha Uhuru, na pesa zitaendelea kupita mikononi mwenu kwenda Hamburg, Bangalore na Nairobi, na sehemu ya 15 katika kila 100 ya zile za huduma ina mwenyewe hapa nyumbani. Nawaomba, yeyote anayesoma haya, leo kabla ya kulala afungue taarifa ya benki ya mwezi uliopita, aweke kidole kwenye safu ya malipo yaliyotoka, ashuke nacho polepole. Akikuta jina la nje lisilo na hati, asubuhi aende TRA mwenyewe, kabla hajaja mtu mwingine na penseli.